Walio Bila Kazi Eastlands Wafunguliwe Madarasa ya Jioni

Wasomaji wa gazeti hili ni wakulima, na pengine mmoja atauliza, mambo ya mitaa ya Nairobi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Wewe mkulima wa Kakamega, wa Machakos au wa Murang'a, uliuza ng'ombe ili mtoto wako amalize kidato cha nne. Leo mtoto huyo yuko hapa Nairobi upande wa mashariki, analala katika chumba cha mjomba wake Jericho, au Kayole, au Dandora, na kila mara unamtumia gunia la mahindi na pesa kidogo za kodi ya nyumba. Shamba linalisha mtu ambaye hayumo shambani wala hayumo kazini. Kwa hiyo shauri la mtoto huyo ni shauri la shamba, na ndiyo maana naliandika katika ukurasa huu.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Dirishani kwangu huja watu kuuliza habari za mbegu na chanjo ya kuku, lakini huja pia vijana wenye bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mna cheti cha KCSE, nakala ya kitambulisho, na barua ya kuomba "kazi yoyote". Nimesoma bahasha nyingi za namna hiyo, na fikira zangu ni hizi: watu hawa hawakukosa akili, tena wengi wao hawakukosa hata ufundi. Walichokosa ni njia ya kurudi darasani. Njia iliyopo humfungukia mtu mara moja tu, akiwa na miaka kumi na minane hivi, na ikishafungwa hapati mtu wa kumfungulia tena. Nasema ifunguliwe upya, katika mitaa wanamokaa, saa za jioni, kwa masomo mafupi mafupi, na mtu apimwe kwa kazi anayoijua, si kwa karatasi ya zamani peke yake.

Tutazame hesabu kidogo. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 watahiniwa walizidi 960,000. Waliopata C+ na zaidi, daraja la kuingia chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa wapata 246,000, yaani mmoja katika kila wanne. Wale watatu waliobaki hawakufa. Kwa sheria ya masomo wana mahali pao: mwenye C- aweza kusomea stashahada katika chuo cha ufundi, mwenye D aweza kusomea cheti, na kozi za ufundi zilizo chini ya hapo humpokea mtu hata kama alama zake ni za mwisho kabisa. Tena Serikali haikulala. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliundwa kwa sheria mwaka 1995, na kuanzia mwaka 2018, kwa miaka kadhaa, Serikali ilimlipia kila mwanafunzi aliyepangiwa chuo cha ufundi cha umma Sh 30,000 kwa mwaka, na HELB ikaongeza mkopo juu yake. Mambo haya ni mema, na wazazi wengi wanayajua.

Lakini mpango huo ulishonwa kwa mwili wa kijana aliyetoka shule jana. Yeye aweza kukaa darasani tangu saa mbili asubuhi hadi alasiri, siku tano kwa juma, maana kuna mtu anayemlisha. Sasa mtazame mwenzake mwenye miaka ishirini na saba. Ameacha shule miaka tisa iliyopita, ana mtoto mmoja, asubuhi anafua nguo za watu Buruburu au anabeba mizigo Gikomba, na akikosa siku moja, jioni hiyo hakuna unga. Kumwambia mtu huyu aende chuoni saa mbili asubuhi ni sawa na kumwambia mkulima aache kupalilia mwezi wa nne aende kusoma habari za palizi.

Na hapa nataka kusahihisha neno moja. Twasema hawa "hawana kazi", lakini sijaona Eastlands mtu mzima aliyekaa tu. Mtu huyo huyo ana kazi tatu kwa siku, ila hakuna hata moja yenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walipoleta ripoti yao juu ya Kenya walisema wazi kwamba kazi hizi ndogo za kutengeneza na kuuza si uvivu, ni kazi za kweli zenye faida. Ripoti hiyo ilisomwa dunia nzima. Sisi wenyewe bado twamwita fundi wa jua kali kijana asiye na kazi.

Nenda Kamukunji, karibu na Gikomba, uone. Ukikaribia utasikia nyundo kabla hujaona mtu. Wilbaro unayobebea samadi, sanduku la bati mtoto wako alilokwenda nalo bweni, chombo cha kunyweshea vifaranga, hata mashine ya mkono ya kukata majani ya ng'ombe, vingi vya vitu hivyo hupigwa pale juani, kisha husafirishwa mpaka kwenu. Fundi akitaka kutengeneza chombo cha mviringo chenye upana wa sentimeta 30, hukata bati la sentimeta 94, akaongeza kidogo la kukunjia ukingo. Muulize kwa nini 94. Atakujibu, "ni mara tatu na kidogo". Hiyo ndiyo hesabu ya duara ambayo mimi nilifundishwa ubaoni kwa alama ya Kigiriki, na wanafunzi wengi huitoroka. Fundi anayo mkononi. Mpe karatasi ya mtihani wa hesabu, ataanguka, na ukimwuliza atakuambia hesabu hakuijua kamwe.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu huanzia kwenye jambo ambalo mwanafunzi analijua, ndipo aende kwenye asilolijua. Tunawafanyia watoto wadogo hivyo. Kwa watu wazima tunafanya kinyume: twamwambia fundi asahau bati, arudi kwenye karatasi iliyomshinda akiwa mtoto, na asipoishinda hatumwangalii tena.

Kwamba mambo yaweza kufanywa vingine, Eastlands yenyewe ni shahidi. Katika miaka ya 1980 lilipobuniwa lile jiko la makaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, ambalo leo limo katika nyumba nyingi za Kenya, mafundi wa Shauri Moyo walikuwa miongoni mwa waliofunzwa kulitengeneza. Hawakuambiwa kwanza walete vyeti. Waliletewa umbo jipya mahali walipokuwa wakipiga bati, wakaonyeshwa vipimo, wakarekebisha, na jiko likaenea.

Wazee wanaosoma gazeti hili watakumbuka mfano ulio karibu zaidi, yaani vituo vya mafunzo ya wakulima, kama Wambugu kule Nyeri na Maseno kule Nyanza. Bwana Shamba aliwaalika wakulima, bwana na bibi, wakaenda kukaa juma moja au mawili, wakalipa kidogo, wakafundishwa habari za ng'ombe wa gredi, malisho na mazao ya kuuza. Hakuna aliyeulizwa amefika darasa la ngapi. Masomo yalikuwa mafupi kwa sababu shamba haliwezi kumngoja mwenyewe mwaka mzima. Wengi walioendesha maziwa na kahawa baada ya Uhuru walipata elimu yao ya juu kwa njia hiyo, ingawa hakuna aliyeiita elimu ya juu. Nauliza tu: kilichomfaa mkulima kitakosaje kumfaa mtoto wake aliye mjini?

Tena si ufundi peke yake. Tom Mboya alitoka shule ya Mang'u kwa kukosa karo, akasomea ukaguzi wa afya katika Jeanes School ya Kabete, akawa mkaguzi wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi, na jioni akisoma kwa njia ya barua. Mwaka 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi, mahali ambapo mtu hakutakiwa kuleta vyeti vya shule za juu. Alirudi mwaka 1956, na mwaka 1957 watu wa Nairobi wakamchagua kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Kama pangekuwa na mlango mmoja tu, wa mtihani wa shule, tungempoteza mtu huyo. Na mimi nafikiri wako wengine tunaowapoteza sasa hivi, ila hatuwajui majina.

Mtu atasema mlango wa namna hiyo upo leo, na kwa sehemu atakuwa amesema kweli. Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo ofisi zake ziko Industrial Area, mwendo wa miguu kutoka Makongeni na Mbotela, hupima mafundi kwa mtihani wa gredi: ya tatu, ya pili, na ya kwanza. Fundi hupewa kazi aifanye, mtahini akatazama. Kadhalika Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, ina mpango wa kumtambua mtu kwa ujuzi alioupata nje ya shule. Mtu hukusanya ushahidi wa kazi zake, hupimwa, akifaulu hupewa cheti. Vyuo vya ufundi navyo vimeanza kugawa masomo vipande vipande, mtu amalize kimoja, apumzike, arudi kwa kingine. Na mwaka 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati, ili watu wasome wakiwa makwao. Tanzania walikwisha kuanzisha chao mwaka 1992.

Basi shida iko wapi? Shida ni kwamba vipande hivi havijaunganishwa, na havijafika mtaani. Fundi akipata gredi ya kwanza, kwa karatasi za Serikali anastahili kusimama karibu na mwenye cheti cha chuo na kupanda hadi stashahada. Lakini akifika kwenye dirisha la usajili, swali la kwanza ni KCSE ulipata nini. Akisema D-, bahasha hurudishwa. Cheti cha gredi anakwenda kukitundika ukutani kama picha ya harusi. Nacho chuo kikuu huria kinahitaji tarakilishi au simu nzuri na pesa za intaneti, na kwa shahada bado kinatazama daraja la KCSE au stashahada. Kwa mtu wa bahasha ya kaki, huria hiyo iko mbali.

Kwa hiyo nashauri hivi. Mitaa ya Eastlands ina majumba mengi ya umma kuliko watu wanavyofikiri. Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, una ukumbi wake wa mikutano na maktaba. Makadara pana maktaba. Pumwani, Bahati, Jericho na Ofafa pana kumbi na shule za msingi kila upande. Shule hizo hunyamaza saa kumi alasiri. Madawati yapo, paa lipo, taa zipo. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku vyumba hivyo vyaweza kuwa darasa la watu wazima: hesabu ya fundi, Kiingereza cha kuandika barua na kusoma mchoro, na uwekaji wa hesabu za biashara, pamoja na matayarisho ya mtihani wa gredi. Sisemi lijengwe hata jengo moja jipya. Watu wakisikia neno "chuo" hufikiria kukata utepe, kisha miaka mitano hupita wakingoja saruji.

Na nani atafundisha? Walimu wako papo hapo mtaani. Kila mtaa wa Eastlands una watu waliohitimu ualimu wakangoja kuajiriwa, wengine wanauza mboga, wengine ni makondakta, wengine ni makarani kama mimi. Wanajua kuandaa somo na kusahihisha kazi. Mwaka 1967 au karibu yake, pale Kikuyu, kilianzishwa kitengo cha masomo ya barua na redio cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwainua walimu wa shule za msingi waliokuwa hawakufuzu. Zamani hizo tulikuwa na madarasa bila walimu waliofunzwa. Leo tuna walimu waliofunzwa bila madarasa, tena na watu wazima bila walimu, wote katika ploti moja, wanachota maji kwenye mfereji mmoja. Posho ya saa mbili jioni ingewafaa wote wawili.

Akina mama wanataka shauri lao peke yake. Mama fua mwenye mtoto mchanga hawezi kutoka darasani saa mbili usiku akatembea peke yake hadi Dandora. Yeye afunguliwe darasa la saa nane mchana, baada ya kufua, na pawe na chumba cha watoto pembeni. Pasipokuwa na chumba hicho msishangae darasa likijaa wanaume watupu.

Yako maneno moja ninayoyasikia sana, na hayafai kupuuzwa: kwamba kazi zenyewe hazipo, na tukiwasomesha tutapata watu wale wale bila kazi, ila wenye karatasi zaidi. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza, baada ya shule ni nini? Kutokana na swali hilo zikaanza polytekiniki za vijiji. Swali bado linaulizwa leo, kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba masomo huleta kazi kama mvua iletavyo majani. Hayaleti. Mimi mwenyewe nilikaa na cheti changu cha ualimu muda mrefu. Lakini tofautisheni mambo mawili. Kumtoa mtu kwenye kazi yake ndogo akakae miaka mitatu akingoja karatasi, hiyo ni hasara, nakubali. Kumwacha na bati lake, ukamfundisha jioni kusoma mchoro, kupiga bei ya kazi bila kujipunja, na kuandika zabuni ya madawati ya shule, hiyo ni kazi ile ile ikiongezeka thamani. Fundi asiyejua kupiga bei hulipwa pesa za bati peke yake, jasho likaenda bure, na mwenye duka wa Gikomba anajua hivyo.

Kabla sijamaliza, neno kwa mzazi anayetaka kuuza ng'ombe wa pili. Mjini kuna vyuo vya ghorofani vyenye kibao kizuri na chumba kimoja. Kabla ya kutuma pesa, uliza kama chuo kimeandikishwa na TVETA, mamlaka iliyowekwa na sheria ya vyuo vya ufundi ya mwaka 2013. Uliza mtihani wa mwisho unatolewa na nani. Wakitaja KNEC, TVET CDACC au NITA, nenda ukahakikishe huko huko. Na uliza, mtoto akimaliza kozi hii, ataweza kuingia ipi ya juu yake? Wakishindwa kujibu swali hilo la mwisho, ng'ombe na abaki zizini. Mara nyingine karo ya mtihani wa gredi na nauli ya kufika Industrial Area vitamfaa mtoto kuliko miaka miwili ya ghorofani.

Na nani wa kuulizwa juu ya madarasa ya jioni? Katiba ya mwaka 2010 iliwapa serikali za kaunti polytekiniki za vijiji, na katika mstari ule ule ikawapa pia nyumba za kutunzia watoto. Kwa hiyo darasa na kile chumba cha watoto nilichotaja viko chini ya mkono mmoja, nao ni Kaunti ya Nairobi. Kila mwaka kaunti hutakiwa kupeleka mpango wake wa matumizi ya fedha barazani kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio yenyewe kabla ya mwisho wa Aprili, na sheria yataka wananchi wasikilizwe. Mikutano hiyo hufanywa mitaani, na viti vingi huwa wazi. Mwambie mtoto wako aliye Jericho aende, pamoja na mjomba wake, na wale mafundi, na yule mama fua. Wasiende na hotuba. Wakipewa nafasi ya kusema, waulize kila kituo cha mafunzo cha kaunti kilicho Eastlands hufungwa saa ngapi jioni, na ufunguo hukaa kwa nani.